Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kachuo Kalikochapa Namba Moja na Mashindano ya Maui

Hebu fikiria basi la kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Linafika Mtito Andei, dereva anasimamisha, watu wanashuka kunyoosha miguu, wanakunywa chai ya haraka, honi inapigwa, safari inaendelea. Hakuna mtu huamka asubuhi akaoga akasema leo natembea Mtito Andei. Ni mahali pa kupitia tu.

Sasa Desemba 1982, timu ya basketboli ya Chuo Kikuu cha Virginia ilisimama Honolulu, Hawaii, hivyo hivyo. Walikuwa wametoka Tokyo kucheza, wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na Hawaii iko pale katikati ya Pasifiki kama kituo cha chai. Wakapanga kamechi kamoja ka kunyoosha miguu. Mpinzani alikuwa chuo kinaitwa Chaminade. Kama hujawahi kukisikia, usijali, hata Wamarekani wengi hawakuwa wamekisikia.

Virginia ndio ilikuwa namba moja Marekani nzima. Mechi nane, ushindi nane. Majuma mawili hivi kabla ya hapo walikuwa wameipiga Georgetown ya Patrick Ewing, mechi iliyopigiwa debe kuliko zote msimu huo. Kule Tokyo wakaipiga Houston, na Houston hiyo ilikuwa na Clyde Drexler pamoja na kijana wa Lagos aliyeitwa Akeem Olajuwon, yule ambaye baadaye aliongeza herufi H mbele ya jina na kuwa Hakeem. Na noma zaidi ni kwamba Tokyo walishinda nyota wao akiwa mgonjwa, amekaa nje.

Nyota mwenyewe ni Ralph Sampson. Mita 2.24. Kwa mlango wa kawaida wa bedsita ya Nairobi angeinama kwanza halafu afikirie kama kweli anataka kuingia. Alikuwa ameshatajwa mchezaji bora wa vyuo Marekani mara mbili mfululizo, na msimu huo angetajwa mara ya tatu. Honolulu alikuwa amepata nafuu na akaingia uwanjani.

Upande ule mwingine sasa. Chaminade kilikuwa chuo cha Kikatoliki chenye wanafunzi wasiofika elfu moja, kimeanzishwa 1955 na Wamarianisti. (Ndio, hao hao wenye shule kule Mukuru, Nairobi. Dunia ni kijiji.) Hawakuwa hata kwenye daraja moja na Virginia. Walicheza NAIA, shirika la vyuo vidogo ambavyo runinga haina haja navyo. Kocha wao, Merv Lopes, alikuwa na kazi yake ya mchana: mshauri wa wanafunzi katika shule moja ya Honolulu. Yaani anamaliza kusuluhisha watoto waliopigana wakati wa mapumziko, anachukua filimbi, anaenda kufundisha timu.

Mtu wa kumkaba Sampson alikuwa Tony Randolph, urefu wake kama mita mbili. Ukitoa hesabu, Sampson alimzidi zaidi ya futi nusu. Lakini Randolph alikuwa na kitu kimoja ambacho wengine wote hawakuwa nacho. Alizaliwa jimbo la Virginia, na alikuwa amecheza dhidi ya Sampson wakiwa shule ya upili. Kwa dunia nzima Sampson alikuwa jitu la kwenye majarida. Kwa Randolph alikuwa yule msee mrefu wa shule ya jirani.

Basi tarehe 23 Desemba, ndani ya ukumbi wa Blaisdell, mbele ya watu elfu tatu na ushee, bila kamera hata moja ya runinga kurusha mechi, Chaminade ilishinda 77 kwa 72. Randolph alimkaa Sampson mbele, akamkata pasi, na alipopata mpira mwenyewe akatoka nje ya kikapu na kurusha kutoka mbali, mahali ambapo jitu halipendi kufuata. Akamaliza na pointi 19. Sampson alipata 12 na ribaundi 17. Si kwamba alilala, ribaundi 17 si mchezo, ila mechi ilikuwa imeshamponyoka.

Pwani ya mashariki ya Marekani iko mbele ya Hawaii kwa saa tano, kwa hivyo kule Virginia ilikuwa tayari usiku mkubwa. Habari ilifika kwa simu na teleksi, na waliosikia wa kwanza walidhani ni makosa ya kuandika. Ungekuwa wewe ungeamini? Ni kama uamke usikie bingwa wa ligi kuu amechapwa na timu ya wale wasee wanaocheza Jumapili pale uwanja wa chifu.

Mimi hii story niliijua kitambo kama kila mtu anavyoijua, yaani kama ngano ya Daudi na Goliathi. Nimeichoka hivyo. Kinachonibamba zaidi ni kilichotokea baadaye. Terry Holland, kocha wa Virginia, mtu aliyetoka tu kuaibishwa, ndiye alimwambia mkurugenzi wa michezo wa Chaminade, Mike Vasconcellos, kwamba nyinyi mnafaa mfikirie kuanzisha mashindano hapa Hawaii. Mgeni amepigwa, na bado kabla ya kuondoka anamwonyesha mwenyeji mahali pa kujenga duka.

Na ushauri ule ulikuwa na akili, sababu kulikuwa na mwanya kwenye sheria. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikubwa Marekani, huwekea kila timu kikomo cha mechi kwa msimu. Lakini mechi zilizochezwa nje ya yale majimbo 48 yaliyoshikana hazikuhesabiwa kwenye kikomo hicho. Hawaii iko nje. Alaska iko nje. Kule Alaska walikuwa wameshaugundua mwanya huo mapema. Chuo kikuu cha Anchorage kilianza mashindano yake 1978, na timu kubwa zikakubali kusafiri hadi kwenye theluji na giza la Novemba ili zipate mechi tatu za bure. Sasa kama watu wanakubali kwenda kuganda Anchorage, utawaambia nini kuhusu kisiwa chenye ufuo na nyuzijoto 28?

Novemba 1984 mashindano yakaanza. Hayakufanyika Honolulu bali kisiwa kingine, Maui, katika mji unaoitwa Lahaina. Timu nne mwaka wa kwanza, baadaye nane. Yaliitwa Silversword, jina la timu ya Chaminade, kabla ya kuwa Maui Invitational. Silversword ni mmea wa majani ya rangi ya fedha unaoota juu kabisa ya mlima Haleakalā, hapo hapo Maui. Kama umewahi kupanda Mlima Kenya ukaona zile lobelia kubwa zinazofanana na mimea ya sayari nyingine, umeshaelewa ni mmea wa aina gani. Unakaa miongo kadhaa bila maua, unachanua mara moja, halafu unakufa. Jina zito kulipa timu ya basketi, lakini sawa.

Fainali ya kwanza kabisa ilikuwa Providence na mwenyeji mwenyewe, Chaminade. Providence ikashinda kwa pointi mbili, 60 kwa 58. Kwa hivyo usije ukadhani usiku wa Virginia ulikuwa bahati tu. Desemba 1983 walikuwa wameipiga Louisville pia. Kachuo kale kalikuwa na timu.

Hapa naomba nisimame kidogo nizungumzie Lahaina, kwa sababu watu hupaongelea kama vile ni hoteli. Wengi wetu Hawaii tunaijua kwa njia moja tu, ile ya Obama. Baba yake alitoka huku kwetu mwaka 1959 akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii, na mtoto akacheza basketboli Punahou, shule ya Honolulu iliyochukua ubingwa wa jimbo 1979. Baada ya hapo, kwa akili zetu, Hawaii inabaki kuwa shati la maua na picha ya machweo. Lakini Lahaina ulikuwa mji mkuu wa Ufalme wa Hawaii hadi 1845. Ulikuwa mji wa wafalme, wenye maji, vidimbwi na mashamba. Kisha wakaja wavuvi wa nyangumi, wamisionari na wenye mashamba ya miwa, na maji ya mito yakaelekezwa kwenye miwa. Mwaka 1893 ufalme wenyewe ukapinduliwa na kikundi cha wafanyabiashara walioungwa mkono na wanajeshi wa Marekani, na 1898 Marekani ikavimeza visiwa rasmi. Kwa hivyo hawa ni watu ambao neno mgeni wanalijua kwa undani. Kama sisi tu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wao hao hao husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maui Invitational huchezwa siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano ya wiki ya sikukuu ya Shukrani. Yaani wageni wanaondoka saa ile ile jembe lilikuwa linatafutwa.

Na bado, kwa miaka mingi, ilikuwa kitu kizuri sana. Ukumbi wa Lahaina Civic Center unabeba watu 2,400 hivi. Kuna shule za upili Marekani zenye ukumbi mkubwa kuliko huo. Hapo ndani unakuta Duke, Kansas, North Carolina, timu zilizozoea viwanja vya watu elfu tisa na zaidi, zimebanwa na mashabiki mpaka unasikia kocha akitukana. Makocha wanaotembea na suti mwaka mzima wanavaa mashati ya maua. Michigan ilishinda Maui 1988 na msimu huo huo ikawa bingwa wa taifa. North Carolina ikafanya hivyo msimu wa 2004 na tena 2008. UConn pia, 2010. Ikawa kama unabii wa Novemba. Ukitaka kujua nani atabeba kombe mwezi wa nne, angalia nani anacheka Lahaina.

Duke ndio waliifanya kama shamba la babu yao. Walicheza mechi 17 Maui bila kupoteza hata moja, mataji matano. Kisha 2018 wakaja na Zion Williamson, RJ Barrett na Cam Reddish, vijana ambao kila mmoja wetu alikuwa na video zao kwenye simu, na Gonzaga ikawachapa fainali 89 kwa 87. Mimi hiyo niliiona moja kwa moja. Hawaii iko nyuma yetu kwa saa 13, kwa hivyo mechi ikianza huko jioni, huku kuku wanawika. Nilikuwa nimejifunika blanketi, bando limebaki kidogo, sauti chini nisiamshe watu. Dakika ya mwisho Duke wanaenda kikapuni na Gonzaga wanazuia, mara moja, mara mbili. Nikapiga kelele. Nyumba nzima ikaamka.

Lakini kuna kitu sikukiona asubuhi ile, nilikuja kukigundua baadaye kabisa. Mwaka huo Chaminade hawakuwepo Lahaina kwenye ratiba ya ubingwa. Mashindano ni yao. Jina lao liko kwenye kila bango kama wenyeji. Ila kuanzia 2018 mpangilio ulibadilishwa, wakawa wanaingia miaka ya witiri pekee. Miaka ya shufwa nafasi yao anapewa chuo kingine kikubwa.

Sababu si siri, na ukiisikiliza vizuri ina mantiki yake. Timu kubwa zinaishi kwa mahesabu ya viwango. Mwezi wa tatu kamati inakaa na kuamua nani aingie mashindano ya taifa, na inaangalia ulimpiga nani. Chaminade leo iko daraja la pili. Ukiishinda, kwenye mahesabu ni kama hukucheza. Ukipoteza, utachekwa mpaka wajukuu. Nani anataka mechi kama hiyo? Tena asafiri nayo saa kumi juu ya bahari?

Na walikuwa na haki ya kuogopa. Novemba 2012 Chaminade iliipiga Texas 86 kwa 73. Novemba 2017, mwaka wa mwisho kabla ya mpangilio mpya, iliipiga California 96 kwa 72. Pointi ishirini na nne! Hiyo si bahati, hiyo ni mtu kufundishwa adabu. Mwaka uliofuata, mlango ukafungwa nusu.

Hii ilinikumbusha kitu. Nikiwa kidato cha tatu shule yetu ilihosti michezo ya kaunti ndogo. Tulifurahi vibaya, tukafyeka nyasi, tukapaka chokaa mistari ya uwanja. Siku yenyewe ilipofika, sisi wa timu ya basketi tukaambiwa tubebe viti vya wageni waheshimiwa, na mechi yetu ikasogezwa, ikasogezwa tena, mwisho tukacheza jua likizama na hakuna mtu amebaki ila mpishi na mlinzi. Mlinzi alitushangilia sana lakini, siwezi nikamsahau. Ndio maana nikisoma kuhusu mwenyeji aliyeondolewa kwenye ratiba ya karamu yake mwenyewe, mabega yanakumbuka vile viti.

Ukweli mwingine ni kwamba Chaminade hawakulazimishwa kwa bunduki. Kwa muda mrefu mashindano yanaendeshwa na kampuni ya kitaalamu kutoka bara, KemperSports ya Illinois, na chuo kinafaidika na pesa pamoja na jina. Kachuo kadogo kenye bajeti ndogo hakakatai dili kama hiyo. Hata mimi ningesaini. Nasema tu tusiite kitu hicho zawadi.

Kisha ikaja tarehe 8 Agosti 2023.

Upepo mkali ulikuwa unavuma, kimbunga kikipita mbali kusini mwa visiwa. Nyaya za umeme zikaanguka. Moto ukashika nyasi juu ya mji na kushuka hadi baharini. Watu 102 walikufa. Majengo zaidi ya elfu mbili yakateketea, na Lahaina ya kale, ile ya wafalme, ikabaki majivu. Watu waliruka baharini kujiokoa.

Zile nyasi zina historia. Kiwanda cha mwisho cha sukari Lahaina kilifungwa 1999. Mashamba ya miwa yakaachwa, na zikaingia nyasi za kigeni zilizoletwa zamani kulisha mifugo, zinazokua ndefu mvua ikinyesha na kukauka kama njiti kiangazi. Mojawapo inaitwa nyasi ya Guinea, na asili yake ni huku Afrika. Hapa kwetu ng'ombe, swara na nyumbu wanazila, na zimezoea moto tangu enzi. Kule hakuna wa kuzila. Mto ulikuwa umeelekezwa kwingine, miwa ikaondoka, mwenye shamba akaondoka, nyasi zikabaki. Nikisema wageni wa Lahaina siongelei watalii peke yao.

Ukumbi wa basketi haukuungua. Uko juu kidogo, kaskazini mwa mji, na ukawa kituo cha misaada. Mahali ambapo Zion alikuwa anaruka, watu sasa walikuja kuuliza kuhusu vitambulisho vilivyoungua, na pesa, na pa kulala. Mashindano ya Novemba hiyo yakahamishiwa Honolulu. Kumbuka ndio mwaka timu zilikuwa nzito kuliko kawaida, Kansas, Purdue, Marquette, Tennessee, Gonzaga, zote kwenye orodha ya juu kabisa. Purdue na jitu lao Zach Edey wakabeba. Ilikuwa 2023, mwaka wa witiri, kwa hivyo Chaminade walikuwa ndani. Wakapigwa na Kansas 83 kwa 56, bila muujiza.

Ila vita vya maneno vilikuwa Maui kwenyewe. Gavana alitangaza kwamba eneo la magharibi lifungulie watalii tarehe 8 Oktoba, miezi miwili kamili tangu moto. Wakazi zaidi ya elfu kumi walitia sahihi kuomba kusubiriwa. Wengi wao walikuwa bado wanalala kwenye vyumba vya hoteli, vile vile ambavyo mtalii alikuwa anakuja kuvilalia. Upande ule mwingine walikuwepo wafanyakazi wa hoteli na wauza chakula waliosema bila wageni tunakufa njaa. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli. Mtu wa Diani au Lamu haitaji kuelezewa hii. Amewahi kukaa msimu mzima akingoja ndege za watalii, na amewahi kufukuzwa kwenye ufuo aliozaliwa karibu nao.

Novemba 2024 mpira ukarudi Lahaina. UConn, bingwa wa taifa miaka miwili mfululizo, ikaingia kwa mbwembwe na ikapoteza mechi zote tatu: Memphis kwa pointi mbili baada ya muda wa nyongeza, Colorado kwa pointi moja, Dayton kwa kumi na nane. Ukumbi ni ule ule wa watu 2,400, na bado unaangusha majitu. Auburn ikachukua kombe. Ungedhani basi mambo yamerudi.

Wiki ile ile, kule Las Vegas, mashindano mapya yalikuwa yanaanza. Yanaitwa Players Era. Ahadi yao ilikuwa rahisi: timu ikija, wachezaji wake wanapata dola milioni moja za mikataba ya jina na picha zao. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na hapo ndipo hesabu ya Novemba ilibadilika. Mwaka wa kwanza timu nane, wa pili kumi na nane. Maui ya 2025 ikachukuliwa na USC, na ukilinganisha orodha ya timu zake na ile ya 2023 utaona majina mazito yameenda wapi.

Sasa hapa ndio watu wa mitandaoni hunishangaza. Wanalia kwamba pesa imeua mchezo. Hebu tuseme ukweli. Pesa ilikuwepo Maui miaka yote. Makocha walilipwa mamilioni. Runinga ililipwa, hoteli zililipwa, wadhamini walibandika majina yao kila mahali. Wasiolipwa walikuwa wale wanaoruka tu. Sampson alijaza viwanja miaka minne na chuo hakikuruhusiwa kumpa zaidi ya masomo, chakula na malazi. Kijana wa miaka 19 leo akiambiwa chagua kati ya shada la maua shingoni na mgao wa dola milioni, mimi nitakuwa mtu wa mwisho kumwambia achague maua. Kama wewe ni mkarimu kiasi hicho, nitumie namba ya M-Pesa nikuonyeshe ukarimu unavyofanya kazi.

Lakini Las Vegas haina mwenyeji, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuna Chaminade pale. Hakuna kocha mwenye kazi ya mchana, hakuna Randolph wa shule ya jirani. Zinaalikwa timu kubwa, zinakutana na timu kubwa, zinagawana, zinaondoka. Kwa 1982 kutokea lazima kuwe na meza ambayo mdogo anakaa na mkubwa bila mkubwa kuuliza atafaidi nini kwenye mahesabu. Virginia ilisimama Honolulu kwa sababu haikuona hatari wala faida, ilikuwa inanyoosha miguu tu. Siku hizi hakuna mkubwa anayesimama bila hesabu. Kila mechi ina bei na ina uzito kwenye kompyuta ya kamati.

Alaska walishaonja hii. Yale mashindano yao ya 1978, yaliyoonyesha watu wote njia, timu kubwa zilianza kuyakwepa zilipopata kwingine penye joto na penye pesa, na upande wa wanaume ulifungwa Novemba 2017. Bahamas wana yao, Visiwa vya Virgin vya Marekani wana yao, kila kisiwa chenye hoteli kubwa kimejaribu. Anchorage haikuwa na ufuo wa kuwashawishi. Maui inao, na inawezekana hata huo usitoshe.

Mimi ningependa Chaminade warudishwe kila mwaka. Kama majitu yanaenda Vegas basi yaende, nafasi ziko wazi, mpe mwenyeji kiti chake. Italeta watazamaji wachache? Labda. Lakini hadi leo, ukimuuliza mtu yeyote kwa nini kuna basketboli kubwa kwenye ukumbi mdogo katikati ya bahari, hatakutajia Duke wala Kansas.

Kwa mpangilio wa sasa zamu yao nyingine ni 2027. Lahaina bado inajengwa. Wageni wakishafunga mabegi Jumatano, ukumbi unarudi kuwa ukumbi wa mtaa, na watoto wa pale wanaingia na mpira wao. Mimi alamu yangu nitaiweka ya alfajiri, na safari hii nyumbani nimeshawaonya mapema.